Namna ya Kutafuta Asili ya Jina la Mtaa Katika Mji Uliokuwa Bandari

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa bandari haikai mahali pamoja. Mwaka 1893 Wajerumani walijenga kituo chao chini ya milima ya Livingstone, kusini-mashariki mwa Matema, wakakiita Langenburg. Miaka michache baadaye makao ya wilaya yakapandishwa milimani, mahali tunapopaita leo Tukuyu. Mwaya, ambayo Wajerumani waliiandika Muaja, ikawa bandari ya uwanda wa Kyela. Baadaye kazi ikahamia Itungi, na Itungi nayo iliposumbuliwa na tope linaloletwa na mito, meli zikazoea kutia gati Kiwira. Kila inapohama, bandari huacha nyuma yake maghala matupu, nyumba za makuli na mabaharia waliostaafu, pamoja na majina ambayo wajukuu wao huyatamka kila siku pasipo kujua yametoka wapi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kujua jina la mtaa wa namna hiyo lilianzaje, na kujua kwa namna inayoweza kutetewa mbele ya mtu mwingine. Nimeuandika nikiwa na mwambao wa Kyela akilini, lakini njia yenyewe inafaa pia kwa Manda, Liuli au Mbamba Bay, na sehemu zake nyingi zinafaa hata kwa mitaa ya Iringa na Mbeya mjini. Kanuni moja nitairudia mara kadhaa, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo yangu mwenyewe, yalitokana na kuisahau: tafuta umri wa jina kabla ya kutafuta maana yake. Mtu akikueleza maana ya jina kabla hujajua lilianza lini, huna namna ya kupima kama maelezo yake yanawezekana.

Umri kwanza

Anza na swali ambalo halipendezi: je, jina hili lina hata miaka kumi? Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika tarehe 23 Agosti, nchi nzima ilipitiwa na Operesheni ya Anwani za Makazi, ambapo barabara na vichochoro vilipewa majina, nyumba zikapewa namba na nguzo za vibao zikasimikwa. Majina mengi yaliyoandikwa kwenye vibao hivyo ni ya zamani na wakazi wenyewe ndio waliyataja, lakini mengine yalitungwa wakati huohuo, wakati mwingine kikaoni kwa jioni moja, kwa sababu njia haikuwa na jina na fomu ilidai jina. Kwa hiyo kibao hakithibitishi kwamba jina ni la kale. Waulize watu waliohudhuria kikao hicho, maana bado wapo na bado wanakumbuka nani alipendekeza nini.

Pili, fahamu unachokiita mtaa. Katika mazungumzo neno hilo linabeba barabara, ujirani na kitengo cha utawala, na kila kimoja kina nyaraka zake. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, mtaa ni kitengo cha chini katika mamlaka za miji, ilhali vijiji na miji midogo vina vitongoji. Sehemu kubwa ya mwambao wa Kyela iko katika kundi hili la pili. Mtafiti anayeomba orodha ya mitaa halmashauri anaweza kuambiwa kwamba jina lake halipo, kumbe limeandikwa katika orodha ya vitongoji, chumba kinachofuata.

Baada ya hapo litazame jina lenyewe, kwa kuwa majina mengine yana tarehe ndani yake. Mtaa unaoitwa Jamhuri hauwezi kuwa umeitwa hivyo kabla ya mwaka 1962, wala Muungano kabla ya 1964, na Azimio kwa kawaida hutupeleka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mbeya mjini lipo eneo la Soweto lenye soko linalojulikana. Jina hilo lilianza kutumika rasmi Afrika Kusini mwaka 1963 kama ufupisho wa vitongoji vya kusini-magharibi mwa Johannesburg, na dunia nzima ikalijua baada ya maandamano ya wanafunzi ya Juni 1976. Mtu atakayekuambia kwamba babu yake alihamia Soweto ya Mbeya wakati wa vita vya pili vya dunia huenda anasema kweli kuhusu mahali, lakini wakati huo mahali hapo palikuwa na jina jingine, na hilo jingine ndilo la kutafutwa.

Maneno ya kukopa nayo yana umri. Neno shule limetoka katika Kijerumani, na hela limetokana na sarafu ya heller ambayo serikali ya Kijerumani iliianzisha katika koloni hili mwaka 1904. Neno kota, kwa nyumba za wafanyakazi, limetoka katika Kiingereza. Jina lenye neno la namna hiyo haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko neno lenyewe, ingawa linaweza kuwa changa zaidi kwa miaka hamsini, kwa sababu maneno hayo bado tunayatumia. Unachopata hapa ni mpaka wa chini wa tarehe, yaani mwaka ambao jina haliwezi kuutangulia, nao peke yake huangusha hadithi nyingi.

Mfano wa kubuni: Forodhani

Tuseme umekuta ujirani unaoitwa Forodhani karibu na ufukwe ambao meli hazifiki tena, na jirani wa kwanza unayemuuliza anakuambia kwamba hapo ndipo watumwa walipokuwa wakiuzwa. Biashara ya watumwa kaskazini mwa ziwa hili ilikuwepo kweli. Mlozi, mfanyabiashara aliyejijengea ngome karibu na Karonga, alipigana na Waingereza kwa miaka mingi hadi aliposhindwa na kunyongwa mwaka 1895. Pamoja na hayo, si kila ukuta uliobomoka wala kila mwembe mkubwa ni wa watumwa, na nimegundua kwamba mahali popote palipokosa historia iliyoandikwa hupewa hadithi hiyo upesi kuliko nyingine yoyote.

Rudi kwenye neno. Forodha ni mahali pa kushushia bidhaa na kuzitoza ushuru, na ni neno la Kiswahili cha pwani. Wavuvi wa Kinyakyusa waliokuwa wakiishi ufukweni kabla ya 1893 hawakuwa na sababu ya kupaita mahali hivyo, wakiwa na lugha yao na majina yao. Jina kama hilo hutiwa na watu waliolijua kutoka kwingine, yaani makarani, askari, mabaharia na wafanyabiashara waliokuja na serikali au kuifuata, na hudumu tu pale ambapo ushuru ulikuwa ukitozwa kweli au ambapo watu waliona mahali panafanana na forodha waliyoiacha kwao. Tayari una maswali matatu ya kupeleka kwenye nyaraka: kituo cha ushuru kilikuwa wapi, kilifunguliwa lini, na je, kuna jina la Kinyakyusa chini ya hili la Kiswahili? Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo linalosahauliwa.

Fanya vivyo hivyo kwa maneno mengine ya bandarini. Gati, Ghala, Tishari, Kota, Boma, Kwa Makuli na Kwa Mahamali ni majina ya kazi, na jina la kazi linaweza kuchunguzwa kwa kutafuta kazi hiyo ilifanyikia wapi. Jina la mtu, la aina ya Kwa Fulani, huchunguzwa kwa kutafuta ukoo. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-, hivyo hata jina lililopoteza neno "Kwa" la mbele huacha dalili. Majina ya watu kwa makundi yao, kama Uhindini na Uzunguni za Mbeya mjini, yanatokana na mipango miji ya kikoloni iliyotenga watu kwa rangi, na hubaki hata baada ya wanaotajwa kuondoka. Majina ya miti husumbua kuliko yote: mti hufa, jina likabaki, na anayekuja baadaye hupanda mti wa aina hiyohiyo ili jina lipate ushahidi.

Majina husafiri

Ni rahisi kudhani kwamba jina limezaliwa pale lilipo. Nyanda za Juu Kusini zimejaa mifano ya kutuonya. Wajerumani walipouteka mji wa Mkwawa pale Kalenga, Oktoba 1894, mji huo ndio waliouita Iringa. Walipojenga boma jipya juu ya kilima mwaka 1896, jina likahama nalo, na Kalenga ikaandikwa kwenye ramani zao kuwa Iringa ya Zamani. Barua ya mwaka 1895 inayotaja Iringa na barua ya mwaka 1905 inayotaja Iringa zinazungumzia sehemu mbili zenye umbali wa kilomita kadhaa kati yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Langenburg, jina la ukoo wa kifalme wa Kijerumani uliokuwa na mtu mkubwa katika chama cha makoloni: lilianzia ufukweni, likapanda Tukuyu kwa jina la Langenburg Mpya, na wakati huohuo likawa jina la wilaya nzima. Ukikuta kwenye karatasi maneno "mtaa wa Langenburg" au "barabara ya Langenburg", usichore mstari wowote kwenye ramani mpaka ujue mwandishi alisimama wapi na mwaka gani.

Kwa Wanyakyusa kuna sababu nyingine ya kina zaidi, ambayo mtafiti kutoka nje ya Rungwe na Kyela haijui mpaka aambiwe. Zamani vijana wa rika moja walijitenga na wazazi wao wakajenga kijiji chao wenyewe, na kijiji hicho kikawa na kiongozi wake, aliyeitwa ifumu, chini ya malafyale, yaani chifu. Mara moja katika kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo madaraka yalikabidhiwa kwa kizazi kipya na ardhi ikagawanywa upya. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wa jamii hiyo katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu kuhusu vijiji hivi vya rika. Kwa mtafutaji wa majina, maana yake ni kwamba jina la kijiji lilikuwa la watu kabla ya kuwa la mahali. Watu wakihama, jina lingeweza kwenda nao, na mahali palipoachwa pakapata jina jingine la waliofuata. Wazee wawili wanaopingana kuhusu mahali kijiji fulani kilipokuwa wanaweza wote kuwa sahihi, kila mmoja kwa kizazi chake.

Baadaye ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ikakusanya kaya zilizotawanyika na kuzipanga katika safu. Uliza kila mara kama jina unalolifuatilia lilikuwepo kabla ya operesheni hiyo, na kama lilikuwepo, lilikuwa upande upi wa barabara.

Kulisoma jina katika maandishi ya zamani

Huwezi kulikuta jina katika karatasi za Kijerumani kama unalitafuta kwa tahajia ya leo. Wajerumani waliandika j kwa sauti yetu ya y, kwa hiyo Nyasa iliandikwa Njassa. Mara nyingi waliandika u mahali pa w, na kwa njia hiyo Mwaya ikawa Muaja. Sch ilisimama kwa sh, na tsch kwa ch. Ongeza kwamba r na l hubadilishana katika eneo hili, kwa kuwa wasemaji wa Kinyakyusa hutamka l pale ambapo mgeni alisikia r au alidhani anapaswa kuandika r. Mto Lufilyo umeandikwa Lufirio, na Lumbila huonekana pia kama Lumbira. Kabla ya kwenda maktaba, andika kwenye karatasi moja kila sura ambayo jina lako lingeweza kuvaa. Jina la silabi nne hukupa sura nane au kumi, nazo zote zitafutwe.

Viambishi navyo visomwe kwa lugha ya wenyeji. Bu- katika majina kama Bujonde na Busokelo huashiria nchi au eneo, na atakayelifasiri jina la namna hiyo kwa kufuata neno la Kiswahili linalofanana nalo kwa sauti atapotea. Ukisikia maelezo yanayosema kwamba Mzungu aliuliza kitu, mwenyeji akajibu jambo jingine, na jibu hilo likawa jina la mahali, yaandike kwa adabu, kisha uyaweke kando. Hadithi hiyo husimuliwa kuhusu nusu ya miji ya Afrika, na siku hiyo ya kuulizana huwa haina shahidi.

Ziwa nalo lisogee katika hesabu yako

Sehemu hii ndiyo inayoutofautisha mtaa wa bandari na mtaa mwingine wowote. Ufukwe unaouona leo hauko pale ulipokuwa. Kuanzia mwaka 1915 hivi hadi 1935 hivi, maji ya Ziwa Nyasa hayakuwa yakitoka kwa Mto Shire huko kusini, kwa kuwa mlango wa mto ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Ziwa likapanda kwa mita kadhaa kabla ya kuuvunja mlango huo. Kwenye milima ya Ukisi, ambako jabali limeshuka wima majini, kupanda huko hakukubadili sana mstari wa ufukwe. Kwenye uwanda wa Kyela, ulio tambarare, mita moja ya maji humeza eneo kubwa la nchi kavu. Zaidi ya hayo, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha tope kila masika na kubadili njia zao. Songwe umekuwa ukihama kiasi cha kuwasumbua watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Malawi.

Kwa hiyo jina linalosema gati linaweza kuwa leo katikati ya mashamba ya mpunga, na jina la shamba linaweza kuwa chini ya maji. Tafuta ramani za vipindi vitatu. Kwa enzi ya Wajerumani kuna ramani za kipimo cha 1:300,000 zilizochorwa chini ya Paul Sprigade na Max Moisel, ambazo leo zinaonekana bila malipo katika mikusanyo ya maktaba kwenye intaneti. Kipimo chake hakioneshi vichochoro, lakini huonesha njia, vituo vya misheni na vijiji, nazo zimeandikwa majina mengi ajabu. Kwa kipindi kinachofuata kuna ramani za kipimo cha 1:50,000 za idara ya serikali ya upimaji na ramani, zilizochorwa kutokana na picha za angani, na ukibahatika kupata picha zenyewe utaona paa za maghala. Kwa leo, picha za setilaiti zinatosha. Chukua kitu kisichohama, kama kanisa la zamani, kilima au daraja, ukipime umbali wake hadi ufukweni katika ramani zote tatu, na uandike tofauti. Kazi hiyo huchukua mchana mmoja, na mara nyingi humaliza ubishi wa miaka.

Kuna faida ya pembeni: kumbukumbu ya gati hubaki chini. Mawe yaliyopangwa, vyuma vya kufungia kamba na magogo yaliyozama huonekana ziwa linaposhuka. Wavuvi huvijua kwa sababu huchana nyavu zao.

Kuzungumza na wazee

Pita kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji, ujitambulishe na useme unachotafuta. Mgeni anayeuliza habari za mipaka na majina ya ardhi bila kujitambulisha hudhaniwa mnunuzi wa viwanja au mpelelezi wa mgogoro, na kusema kweli nyakati nyingine majina hutumika katika migogoro hiyo. Usiende msimu wa kupanda wala wa kuvuna mpunga, wala masika yanapokuwa makali, kwani baadhi ya njia za ufukweni hazipitiki. Fika asubuhi, toa shikamoo, na kama unaweza kusema mugonile na kushukuru kwa ndaga fijo, utaona uso wa bibi ukifunguka kabla hujauliza neno.

Usianze na swali la jina lina maana gani. Swali hilo hulazimisha jibu, na mwenyeji mkarimu hatakuacha uondoke mikono mitupu. Asipolijua jibu atakutungia, bila nia mbaya. Uliza ulipokuwa mtoto hapa paliitwaje, nani alikaa nyumba hii, meli ilifunga wapi, mzigo ulibebwa na nani na kulipwa na nani. Jina litajitokeza lenyewe katikati ya masimulizi, na jina lililojitokeza lenyewe lina uzito kuliko lililoombwa. Kisha funga masimulizi kwenye matukio yenye tarehe: kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya Operesheni Vijiji, wakati TAZARA inajengwa (1970 hadi 1975), wakati wa vita vya Kagera (1978 na 1979). Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua vizuri sana kama alikuwa ameoa wakati reli inapita.

Zungumza na wanawake peke yao pia. Mwanamke aliyeolewa akatoka kijiji kingine alilijifunza jina la mahali akiwa mtu mzima, na anakumbuka siku alipolisikia kwa mara ya kwanza, jambo ambalo mzaliwa wa pale hana. Wafinyanzi wa Kikisi, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa kwenye soko la Lyulilo karibu na Matema, wanaijua pwani kwa majina ya majini, yaani ya miamba, vihori na mahali pa kujikinga na upepo. Majina hayo wakati mwingine ni ya zamani kuliko ya nchi kavu, na halmashauri haijapata kuyaandika.

Niliwahi kukusanya maelezo yaleyale kutoka kwa watu watano nikafurahi kwamba ushahidi umekamilika, hadi nilipogundua kwamba wote watano walikuwa wamesikia kutoka kwa mwalimu mmoja aliyefundisha pale. Tangu siku hiyo swali langu la mwisho kwa kila mtu ni hili: wewe ulilisikia kwa nani?

Karatasi zilipo

Nyaraka za serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza ziko Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Omba vitabu vya wilaya, ambavyo maofisa wa Kiingereza walitakiwa kuandika ndani yake habari za makabila, machifu, bandari na barabara. Kwa Kyela angalia Rungwe, kwa kuwa Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Nenda na barua ya utambulisho na orodha yako ya tahajia. Kumbuka kwamba serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, hivyo kumbukumbu za halmashauri za miaka hiyo kumi zitafutwe mkoani au usizitegemee.

Mambo ya meli hayakai chini ya jina la wilaya. Shirika la Reli Tanzania ndilo lililoendesha meli za maziwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, hadi kampuni ya meli ilipoundwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo michoro ya kota na maghala ya ufukweni huenda imeandikwa Reli, jambo linalomshangaza mtu anayejua kwamba reli haijapata kufika Kyela. Na kwa kuwa meli za upande wa pili ziliendeshwa na reli ya Nyasaland, usiiache Nyaraka ya Taifa ya Malawi iliyoko Zomba.

Misheni ni hazina ambayo watu wa majina huichelewesha mno. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia eneo hilo mwaka huohuo. Daftari za ubatizo hutaja mtu, tarehe na mara nyingi kijiji alikotoka, na hakuna nyaraka bora kuliko hiyo kwa kuthibitisha kwamba jina lilikuwepo mwaka fulani. Anza na usharika wa karibu, kisha fahamu kwamba kumbukumbu kuu za Wamoraviani ziko Herrnhut, Ujerumani. Kwa upande wa magazeti, Mambo Leo lililoanza kuchapishwa mwaka 1923 lilipokea barua za wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika, na mwandishi wa barua aghalabu aliandika mahali alipo chini ya jina lake.

Kuandika ulichokipata

Andika kwa namna ambayo msomaji ataona mahali ulipo na uhakika na mahali unapokisia. Mimi hutumia mpangilio huu: mwaka wa kwanza jina linapoonekana kwenye karatasi, na tahajia yake kama ilivyo, mwaka wa kwanza linapokumbukwa na mtu aliye hai, jina lililotangulia, kama lipo, kisha ndipo maelezo ya maana, kila moja na aliyeyatoa, yakifuatana kuanzia lile lenye ushahidi zaidi. Maelezo uliyoyakataa nayo yaandikwe pamoja na sababu ya kukataliwa, maana yatarudi tu. Wazee wakikuomba usitaje majina yao, waandike kwa umri na kazi.

Kabla ya kuchapisha, peleka nakala kwa mwenyekiti aliyekupokea na uisome kwa sauti mbele ya wale uliozungumza nao. Beba kalamu ya pili, kwa sababu kikao hicho huwa na urefu kuliko mahojiano yote yaliyotangulia: mmoja akisikia jina la gati la zamani likisomwa, mwingine atasimama kueleza kwamba gati lilikuwa mawili.